Murdoch wa Effie

Ukimwandikia mtu barua, juu ya bahasha ukaweka "Gillis, Gillis", itafika bila shida, ila haitajulikana imefika kwa nani. Kijiji kinaitwa Gillis. Ziwa la nyuma yake ni Ziwa Gillis, kilima ni Kilima cha Gillis, shule ni ya Gillis, na kuizunguka ghuba nzima hakuna nyumba ambayo mwenyewe si Gillis, wa kuzaliwa au wa kuolewa. Mababu walishuka melini kutoka Uskoti, wakafika hapa Cape Breton na jina hilo moja na magunia ya viazi vya mbegu, wakagawana vyote. Hata tulipoletewa padri mpya kutoka mbali tulisema afadhali, huyu angalau atakuja na jina lake. Akapanda altareni akajitambulisha: Padri Gillis. Watu wakacheka kanisani mpaka na yeye akacheka.

Kwa hiyo jina la ubatizo kwetu ni la kanisani na la serikali. Mtu anajulikana kwa jina la pembeni, lile analopewa na wenzake na ambalo hawezi kulikataa: Rory Mwekundu, Sadie wa Dukani, Angus Kengele. Na adabu yetu ni moja. Kama jina la pembeni lina mwiba, halitajwi mbele ya mwenyewe. Unaweza kuishi nalo tangu ujanani, wakakuzika nalo, na wewe hulijui.

Murdoch alidhani yeye ni Murdoch wa Alasdair Mrefu. Baba yake alikuwa Alasdair, na alikuwa mrefu, basi akaona mambo yamekaa sawa na hakuuliza zaidi.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, hajaoa, anaishi ng'ambo ya ghuba katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Wiki ile alikuwa amekwenda hospitali ya Sydney kuangaliwa macho. Watu walimwona kituoni akipanda treni na kibegi chake. Aliporudi hakuna aliyemwona, maana treni ilichelewa na theluji ilikuwa inamwagika, akashuka kwenye kituo kitupu, akatembea hadi kwake, akafunga mlango. Kesho yake hakuna aliyekuja kumuuliza macho yamesemaje. Keshokutwa vilevile. Theluji ilikuwa nzito kiasi kwamba kutoka upande wa kanisani hata moshi wa bomba lake haukuonekana, lakini hilo Murdoch hakulifikiria. Alichofikiri ni kwamba watu wamemsahau, na kilimuuma.

Siku ya tatu, saa sita mchana, akafungua redio asikilize vifo. Hapa kwetu vifo vinasikilizwa kama watu wa kwingine wanavyosikiliza mpira. Betri ilikuwa inakata roho, lakini msomaji alisikika: "Murdoch Gillis, wa Gillis, amefariki katika hospitali ya Sydney. Habari za mazishi zitatolewa baadaye." Akaingia kwenye bei za samaki.

Murdoch alibaki na kijiko mkononi. Kisha akacheka peke yake, maana ni jambo la kuchekesha kutangaziwa kifo chako ukiwa unakunywa uji. Akajua sasa simu zitawaka moto.

Simu ya ghuba ni waya mmoja kwa nyumba zote. Kila nyumba ina mlio wake, na adabu inasema upokee wako tu. Adabu hiyo haijawahi kufuatwa. Murdoch akatia kitambaa cha vyombo kwenye mdomo wa simu, kama tunavyofanya wote ili pumzi isisikike, akavuta kiti, akainua mkono wa simu taratibu.

"Nakwambia nimesikia kwa masikio yangu," Sadie wa Dukani alikuwa anasema. "Murdoch Gillis, wa Gillis."

"Murdoch yupi sasa?" Huyo alikuwa Bella, mke wa Rory Mwekundu, na alikuwa anatafuna kitu. "Umri hawakusema?"

"Watasema wapi, mwenzangu, wale wanasoma kama wanafukuzwa."

"Atakuwa Murdoch wa Kinu. Yule ana kifua."

"Wa Kinu yuko kwa mwanawe Glace Bay. Krismasi alicheza dansi mpaka wakamkalisha."

"Basi nani? Murdoch Mfupi nimemwona asubuhi hii anagombana na ng'ombe wake."

Kisha Sadie akasema polepole, "Mungu wangu. Murdoch wa Effie."

Murdoch alikunja uso. Mtu wa jina hilo hakumjua. Aliwapitisha akilini Murdoch wote wa ghuba, walio hai na waliokufa, na Effie aliyemjua yeye alikuwa mmoja tu, na huyo hakuwa na mume.

"Si alikwenda hospitali juzi juzi?" Sadie aliendelea. "Nilimwona mwenyewe kituoni, amevaa kofia ya kanisani. Nikamwambia mume wangu, huyu mbona kama anaaga."

"Masikini ya Mungu. Na kule kwake hakuna hata paka."

Hapo ndipo Murdoch alipojua kwamba Murdoch wa Effie ni yeye. Masikio yalimwaka. Miaka yote hiyo alipoingia dukani watu wakakatisha mazungumzo, alipopita njiani watoto wakanong'onezana, kumbe walikuwa na jina hilo mdomoni. Na si jina la uongo. Alikuwa amemposa Effie wakiwa vijana, mbele ya watu, kwenye sherehe ya mavuno. Mama yake Murdoch akasema jiko la humu ndani ni langu mpaka nitolewe kwa jeneza, akimaanisha kila neno. Murdoch akamwambia Effie wavumilie kidogo. Mama akaishi miaka tisini na minne. Kufikia hapo Effie alikuwa ameshakuwa mpishi wa padri, nywele zina mvi, na Murdoch aliona aibu kwenda kubisha mlango wa mtu aliyemngojesha namna ile. Wakawa wanasalimiana kanisani: hali ya hewa, viazi, kwaheri.

"Na Effie nani atamwambia?" Bella aliuliza.

"Tumwache kwanza. Tupate uhakika."

"Unajua yule mwalimu wa Mabou alimtaka, akakataa? Anamngoja huyu mama yake afe, na mama mtu hafi."

"Mwishowe si alikufa."

"Alikufa, na bwana naye asiende. Mtu mzima, mwenzangu, anamwogopa mama aliyeko kaburini."

"Usimseme marehemu, Bella."

"Simsemi. Nataja tu."

Wote wawili wakanyamaza kwa adabu, na katika kunyamaza huko Murdoch akasikia saa. Ilikuwa ikigonga nzito, kama mtu anayepigilia kigingi. Kila nyumba ina sauti yake kwenye simu yetu: kwa Sadie ni kengele ya mlango wa duka, kwa Bella ni wajukuu, kwa Angus ni kikohozi. Saa ile ilikuwa ya padri wa zamani, aliyemwachia Effie alipokufa, na hakuna nyingine ya kugonga hivyo ghuba nzima. Effie alikuwa kwenye simu. Alikuwa anasikiliza tangu mwanzo, kama yeye.

Haya. Hapo mtu mwingine angesema neno moja tu. Angesema, Effie, mimi mzima. Murdoch alifungua hata mdomo. Lakini angeonekana amekaa kuchungulia msiba wake mwenyewe, na watu wangemcheka mpaka Pasaka. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ya pili, iliyokuwa chini ya hiyo, aliijua vizuri zaidi: alitaka kusikia kama Effie atalia. Tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyemjali Murdoch kwa sauti, na upweke ulikuwa umemfikisha mahali ambapo kilio cha mtu mmoja kilikuwa kitu cha kukitegea sikio. Akabana kitambaa kwenye mdomo wa simu, akasubiri.

Hakukuwa na kilio. Kulikuwa na mlio mdogo wa simu kuwekwa mahali pake, na saa ikapotea.

"Nani huyo amekata?" Sadie aliuliza.

"Atakuwa Angus," Bella alisema, na wote walijua si Angus.

Murdoch akaweka simu yake chini. Hakuwa anacheka tena. Akajiambia avae viatu azunguke ghuba, ni mwendo wa saa moja tu hata kwenye theluji, abishe mlango, aseme jamani, mimi nipo. Akatazama viatu. Vilikuwa vimelowa tangu usiku ule wa kurudi. Akatazama dirishani, akaona njia haionekani. Akajiambia theluji ikipungua atakwenda. Akaweka gogo moja jikoni, la pili akalirudisha, maana kuni nazo zilikuwa zinakwisha, akakaa.

Alikaa mpaka simu ikalia ule mlio mrefu usiokatika, wa kuita nyumba zote. Mlio huo hulia kwa moto na kwa vifo. Akainua.

"Jamani, sikilizeni," Sadie alisema, na nyumba zote zikasikika zikipumua. "Aliyekufa ni Murdoch wa Kinu. Mwanawe amepiga simu sasa hivi. Alipelekwa Sydney Jumapili, kifua kikambana. Maiti inakuja na treni ya kesho. Wanaume wa kaburi wakutane kwangu."

"Mungu amrehemu," watu wakaitikia kutoka huku na huku. Mtu mmoja akapumua kwa nguvu. Wajukuu wa Bella walikuwa wanapigana. Angus alikohoa. Murdoch alitega sikio lote kati ya sauti hizo, akitafuta saa ya padri, na saa haikuwepo.

Kwa hiyo amelala, aliwaza. Au anapika. Amesikia Murdoch wa Effie amekufa, akaweka simu, akaenda kulala. Hakutegemea kwamba jambo hilo lingemuuma hivyo, lakini lilimuuma mpaka akashika ukingo wa meza. Mwenyewe akajiuliza, ulitaka nini, mjinga wewe, ulimpa nini cha kumfanya alie.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Effie aliingia na theluji hadi magotini, amevaa koti jeusi, mkononi kikapu, kwapani mzigo wa kuni zilizofungwa kwa kamba. Hakubisha kwa sababu nyumba ya marehemu asiye na ndugu haibishwi. Na kuni alibeba kwa sababu kwetu maiti hairudishwi kwenye nyumba baridi. Lazima mtu wake aitangulie, awashe moto, afunike kioo, asimamishe saa, na mtu huyo huwa ni mke, au mama, au dada. Murdoch hakuwa na yeyote kati ya hao. Effie alikuwa ameingia njiani kabla ule mlio mrefu haujalia.

Akamwona amekaa karibu na simu. Hakupiga kelele. Aliweka kuni chini polepole, kama zingevunjika.

"Ni Murdoch wa Kinu," Murdoch alisema.

"Mungu amrehemu," Effie alisema. Akavuta pumzi, kisha tena. "Umerudi lini?"

"Usiku wa Jumanne."

"Macho je?"

"Wamesema ni uzee."

Effie akatikisa kichwa, akaanza kupangusa theluji kwenye koti, halafu akaacha. Alikuwa anatazama simu. Kitambaa cha vyombo kilikuwa bado kimeziba mdomo wake, na kiti alichokalia Murdoch kilikuwa kimevutwa hapo chini yake.

"Ulikuwa kwenye simu," alisema.

Murdoch akakitazama kile kitambaa.

"Bella alipokuwa anakusema. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na mimi ulinisikia. Ile saa kila mtu anaijua."

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehakikisha anwani. "Nilikuwa nimesimama pale na simu sikioni, na wewe uko upande wa pili umeshika kitambaa. Kwa nini, Murdoch?"

Angeweza kusema ni aibu ya kuchekwa. Kwa mara ya kwanza maishani akamwambia ukweli hapo hapo ulipoulizwa. "Nilitaka kusikia kama utalia."

Effie alikaa kwenye sanduku la kuni. Macho yake yalikuwa mekundu, na Murdoch aliona sasa kwamba si kwa upepo.

"Nilikata ili Sadie asinisikie," alisema. "Nimelia kutoka mlangoni kwangu mpaka darajani. Nimelia kwa sauti, theluji yote ile nani angesikia. Basi umepata jibu lako."

"Effie."

"Ngoja nimalize, maana sitarudia. Baada ya daraja nikanyamaza. Nilishangaa mwenyewe. Nikasema, sasa sina wa kumngojea tena. Unajua mtoto wa dada yangu wa Boston ananiita tangu padri afariki? Kila mwaka namwambia nakuja, nakuja. Mwenyewe sikujua nasubiri nini hapa, naangalia ng'ambo kama bomba lako linatoa moshi. Leo bomba halionekani, na wewe umekufa, na moyo ukawa mwepesi. Mungu anisamehe. Nimetembea kipande kile cha mwisho kama msichana."

"Lakini sijafa."

"Naona." Alicheka kidogo, na kile kicheko kilimwumiza Murdoch kuliko machozi. "Hujafa, na mimi nakuangalia hapa, nangoja ule uzito urudi, na haurudi."

"Hamia hapa," Murdoch alisema. Maneno yalitoka yenyewe, manene, ya mtu asiyezoea kuongea. "Leo. Tutamwambia padri, tutafunga ndoa. Wacheke wakitaka."

Effie akazungusha macho jikoni. Hakuwa ameingia humo tangu ujana wake. Yakatua kwenye kiti cha mgongo mrefu karibu na jiko la kuni, kiti chenye mto wa kufuma, kilichokaa mahali palepale pa joto ambapo hakuna mwingine aliyewahi kukaa. Murdoch mwenyewe, miaka yote tangu amzike mama yake, alikuwa akikaa mezani penye upepo.

Alimwona anakitazama, akanyanyuka, akakishika kiti cha mama yake kwa mikono miwili, akafungua mlango kwa mguu, akakitupa nje kwenye theluji na mto wake. Alirudi anahema, hana koti, theluji kwenye nyusi. Alisimama mahali kiti kilipokuwa, pamebaki alama nne nyeupe sakafuni.

Effie alimtazama kwa muda mrefu, na usoni mwake mlikuwa na huruma kabisa, bila kinyongo.

"Kirudishe ndani," alisema. "Kitaharibika."

"Acha kiharibike."

"Ungekitoa wakati ule, Murdoch. Hata pale mama alipozikwa, jioni yake, ningekiona nje kupitia dirisha langu, ningekuja kwa miguu." Akasimama, akafungua kikapu, akatoa mkate wa shayiri na chupa ya supu ya samaki iliyofungwa taulo. Akaviweka mezani. Kisha akaondoa kile kitambaa kwenye simu, akakikunja, akakitundika kwenye msumari wake.

"Kula ingali ya moto," alisema. "Kuni nimekuachia."

"Boston utakwenda lini?"

"Nikishamsaidia mjane wa Kinu. Na mkate kama huo na yeye inabidi nimpelekee, maana nilioupika ni wako."

Murdoch alitoka naye hadi barazani. Alitaka kumsindikiza. Effie akamwambia arudi ndani, hana koti, atajipatia kifua kama cha mwenzake. Akapita kando ya kiti kilicholala ubavu, akainama akaokota mto, akaukung'uta, akauweka kwenye ngazi palipo pakavu, akaendelea na njia. Theluji haikuchukua muda kumfunika.

Murdoch aliingia ndani, akatia kuni za Effie jikoni, akakaa mbele ya ile supu. Aliila yote. Hakuwa amekula chakula cha mtu mwingine nyumbani humo tangu mazishi ya mama yake, na kilikuwa kitamu, na akalia akiwa anatafuna.

Simu ikalia. Ulikuwa mlio wake, miwili mirefu na mmoja mfupi, mlio ambao ulikuwa haujalia tangu vuli. Akainua.

"Murdoch?" Alikuwa Bella, sauti tamu kama asali. "Uko mzima, ndugu yangu?"

"Niko mzima."

"Tumshukuru Mungu. Hebu fikiria, tulidhani ni wewe. Tulishaanza kukulilia huku."

Kwenye waya kulikuwa na kengele ya duka, na wajukuu, na kikohozi cha Angus, na wote walikuwa wanangoja atasema nini.

"Ahsante, Bella," alisema. "Ahsanteni wote."

Akaweka simu chini. Aliyemlilia alikuwa ameshamaliza, na saa hiyo alikuwa njiani anarudi kwake kufunga mizigo.